Usingizi umekupotea tangu utoke wodi ya Ebola? Soma hapa dada

Pole sana dada yangu. Umesema wewe ni nesi, ulikuwa wodi ya kutenga wagonjwa, sasa hulali, unapima joto kila saa na shemeji yako hataki hata ushike mtoto. Kwanza hujarukwa na akili, hofu yako ina sababu, mlipuko wa Ebola wa 2022 ulioanzia Mubende, hapa Uganda, uliambukiza wahudumu wa afya 19 na 7 wakafariki, na Gulu mwaka 2000 Ebola ilituchukulia Dokta Matthew Lukwiya mwenyewe, mkuu wa hospitali ya Lacor aliyekuwa anatibu wagonjwa wake, kwa hiyo anayekuambia jikaze tu wewe ni nesi mimi namkatalia kabisa.

Joto pima asubuhi na jioni basi, hadi siku 21 ziishe tangu ulipokutana na mgonjwa mara ya mwisho, na huyo shemeji mwambieni wazi kwamba mtu asiye na dalili haambukizi Ebola, ikibidi inchaji wako, yaani mkuu wa wodi, ampigie simu maana maneno ya nje huwa yanasikika zaidi. Tafuta mwenzako mmoja wa zamu ile ile muwe mnaongea, ila usilazimishwe kusimulia vifo kama hujawa tayari. Grupu za WhatsApp za uvumi zima usiku. Pombe ya kutafuta usingizi, tafadhali, hapana.

Ikipita wiki mbili bado hulali, au ukianza kuwaza heri nife, usingoje wiki, nenda leo hospitali ya rufaa ya mkoa, wana kitengo cha afya ya akili, Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Na omba inchaji akupumzishe wodi ile, kuomba si kosa.