Maswali ya wasomaji: Mfumo unafanya kazi, na malengo je?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya kompyuta hapa Morogoro. Mradi wangu ni mfumo wa kutunza kumbukumbu za kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) cha mama yangu mdogo. Nimetumia PHP na MySQL, na unafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba msimamizi amenirudishia sura ya tathmini akiwa ameandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: "Malengo?" Humo nimeweka picha za kurasa zote na kueleza kila kitufe kinafanya nini. Malengo yangu mahususi yalikuwa manne: kuchunguza namna kikundi kinavyotunza kumbukumbu, kutengeneza mfumo wa kurekodi hisa, mikopo na marejesho, kurahisisha ukokotoaji wa gawio, na kuwawezesha wanachama kuona salio kwa simu yoyote kupitia USSD (menyu inayofunguka kwa kupiga namba fupi yenye nyota na reli, bila intaneti). Hilo la nne limefanya kazi kwenye programu ya kuigiza simu tu. Je, nilifute? Na sura hii niiandikeje?
Mwanachuo, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilifute, na nitakueleza kwa nini nikifika huko.

Msimamizi wako amekusaidia sana kwa neno lile moja. Katika sura ya kwanza uliahidi mambo manne, na sura ya tathmini ndiyo inayosema kila ahadi imefikia wapi. Picha inaonyesha kwamba ukurasa upo. Haionyeshi kwamba hesabu iliyomo ni sahihi, wala kwamba mama anayeshika daftari la kikundi ataweza kuutumia wewe ukiwa hupo. Kwa hiyo chukua pendekezo lako la mradi, nakili malengo neno kwa neno, na chini ya kila moja ujiulize: mtu asiyeniamini nitamwonyesha nini?

Lengo la kwanza lisikuchukulie zaidi ya aya moja. Taja uliowahoji, daftari ulizozipitia, na mambo uliyoyagundua yaliyobadilisha usanifu wako. Kama hakuna kilichobadilika, uchunguzi ule ulikuwa wa juujuu na jopo litaliona hilo.

Lengo la pili na la tatu ndiyo moyo wa mradi wako, na hapa una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana. Kikoba huvunjwa, yaani fedha hugawanywa kwa wanachama, mwisho wa mzunguko, kwa hiyo jibu sahihi tayari lipo kwenye daftari. Omba ruhusa ya kikundi, chukua daftari la mzunguko uliopita, ingiza miamala yote kwenye mfumo kama ilivyotokea, kisha linganisha gawio la kila mwanachama na lile alilolipwa. Tuseme hisa moja ni shilingi 5,000 na ziliuzwa hisa 1,200. Hiyo ni 6,000,000. Riba na faini zikileta 900,000, za kugawana ni 6,900,000, na kila hisa inavunjwa kwa 5,750. Mwenye hisa 84 anachukua 483,000. Mfumo wako unatoa 483,000? Hiyo ni tathmini. Ukitoa 499,800, kuna kosa, na mimi ningeanza kulitafuta kwenye mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana kwenye shida: ukijumlisha kimakosa mfuko wa 240,000 kwenye fedha za kugawana, kila hisa inapanda hadi 5,950, na siku ya kuvunja mweka hazina ataishiwa fedha mbele ya watu. Soma katiba ya kikundi uone mfuko huo unagawanywa au unabaki, kisha uandike mfumo wako unafuata kipengele gani.

Usiishie kwa mwanachama aliyelipa kila wiki bila kukosa. Jaribu aliyejitoa katikati ya mzunguko, aliyeleta nusu ya rejesho, na ambaye mkopo wake haujaisha siku ya kuvunja. Panapotokea tofauti, tafuta nani amekosea. Huenda ni daftari. Ukiweza kuonyesha kosa la daftari ambalo mfumo umelinasa, utakuwa na ushahidi mzito kuliko picha zote ulizoweka.

Sasa neno "kurahisisha". Ulipoliandika hukusema urahisi utapimwaje, na hapo ndipo miradi mingi inapokwama. Usibadilishe lengo sasa hivi ili lilingane na ulichopata. Liache lilivyo, kisha eleza wazi: "Urahisi nimeupima kwa muda uliotumika na idadi ya makosa." Mpe mweka hazina hesabu ileile aifanye kwa daftari na kikokotoo, halafu aifanye kwa mfumo, wewe ukiandika muda. Kibodi aishike yeye. Wewe kaa pembeni na unyamaze, hata akikwama. Kila anaposita, andika ni ukurasa gani na alikuwa anatafuta nini. Ninaumia kuona wanafunzi wakimshika mtumiaji mkono kutoka kitufe hadi kitufe, kisha wanaandika kwamba mfumo ni rahisi kutumia.

Ukitaka na maoni ya watumiaji, kuna dodoso fupi la kupima urahisi wa kutumia mfumo linaloitwa SUS (System Usability Scale), lililotungwa na John Brooke mwaka 1986. Lina kauli kumi, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Kwenye kauli za namba witiri unatoa 1 katika jibu. Kwenye za shufwa unatoa jibu katika 5. Unajumlisha zote kisha unazidisha kwa 2.5. Alama huwa kati ya 0 na 100, lakini si asilimia, na wastani unaotajwa mara nyingi ni 68. Zitafsiri kauli zake kwa Kiswahili cha kawaida na uzisome kwa mtu mmoja kwanza uone kama anazielewa. Usiwahoji jamaa zako peke yao. Mama mdogo atakusifu kwa sababu anakupenda. Na ukihoji watu watano, andika "wanne kati ya watano". Ukiandika "asilimia 80" na kuichorea duara la rangi, unaupa ushahidi wako uzito usio nao.

Tuje kwenye lengo la nne. Jopo lina nakala ya pendekezo lako, kwa hiyo lengo lililotoweka litaonekana kabla hujafungua mdomo. Lakini hata wasipoona, kulifuta ni kuwanyima habari wanayoihitaji. Nimekaa kwenye majopo ya namna hii, na lengo ambalo halikutimia halijawahi kunishtua. Kinachonishtua ni maneno "limefikiwa kikamilifu", kisha mwanafunzi anaombwa apige namba ile kwa simu na anabaki kimya. Andika kwamba limefikiwa kwa sehemu: menyu na salio vimejaribiwa kwenye programu ya kuigiza simu, havijajaribiwa kwenye mtandao halisi, kwa kuwa namba fupi za USSD hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na zinahitaji makubaliano na kampuni za simu pamoja na gharama. Halafu nenda mbele hatua moja, maana hapa ndipo alama zilipo. Sema upungufu huo unamgusa nani. Wenye simu janja wataona salio kwenye kivinjari. Mwenye kitochi ataendelea kumtegemea katibu amsomee, na kama hao ndio wengi kwenye kikundi, sema hivyo kwa idadi.

Jambo moja hukuniuliza. Daftari lile lina majina, namba za simu na madeni ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye viambatisho ficha majina, na uandike kwamba uliomba ruhusa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne, Mombasa. Mradi wangu wa kompyuta wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, ni mfumo wa kuazimisha vitabu kwenye maktaba, nimeutengeneza kwa Microsoft Access. Mwalimu wetu anasisitiza kuwa majaribio na tathmini ni mambo mawili. Mimi naona ni kitu kimoja. Nani yuko sawa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako yuko sawa. Unapoandika tarehe 31 Februari na mfumo ukaikataa, hayo ni majaribio. Unapojaribu kumwazima mwanafunzi kitabu cha tatu ilhali mwisho ni viwili, hayo pia ni majaribio. Tathmini inaanza na aliyekuomba mfumo: mkutubi alitaka nini? Kama alitaka ajue muhula ukifungwa ni nani wamebaki na vitabu, majaribio yako yote yanaweza kufaulu na bado akaikosa orodha hiyo. Ifungue programu uitafute. Isipokuwepo, tengeneza hoja (query) moja inayochuja vitabu ambavyo havina tarehe ya kurudishwa, unda ripoti juu yake, kisha mpelekee mkutubi aikague na rejista yake kabla hujaandika neno lolote kwenye tathmini.