Rais wa chuo kidogo Marekani anafanya kazi gani hasa? Nilikaa mlangoni pake miaka 3

Mkuu, umeuliza kama rais wa chuo kidogo cha Marekani ni sawa na Makamu Mkuu wa Chuo hapa kwetu, na binamu yako anayefundisha kule apite njia gani kuupata urais huo. Nilisoma kwenye chuo cha aina hiyo, vile vya sanaa huria ambavyo hata anayesomea biolojia lazima apite darasa la falsafa na historia. Wanafunzi hatukufika 2,000. Kazi yangu ya kujikimu ilikuwa mapokezi, ofisi ya rais, miaka 3. Jina la chuo nitalihifadhi, huko mbele utaona kwa nini.

Tofauti ya kwanza: Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) huteuliwa na Rais wa nchi. Kwenye vyuo binafsi vya kule serikali haina mkono kabisa. Inayoajiri na kufukuza ni bodi ya wadhamini, na wengi wao ni watu waliosoma hapohapo, wakafanikiwa. Walimu nao wakishapata ajira ya kudumu, rais hawezi kuwaondoa hivi hivi. Kwa hiyo amri aliyonayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Rais wa chuo chetu alikuwa mwanahistoria. Sisi Waafrika tulimwita Mama, naye akalipokea jina. Saa 1 asubuhi nilimkuta ameshakaa anaandika kadi za shukrani kwa mkono, wino wa bluu. Tajiri aliyejenga maabara anaandikiwa, na mjane aliyetuma dola 25 anaandikiwa vilevile. Mimi nilijaza anwani na kubandika stempu. Siku moja nilikuta kadi iliyochanwa kwenye kapu. Alikuwa amekosea jina la marehemu mume wa mama mmoja, akaianza upya yote, kurasa mbili, wakati watu wa bodi wanamsubiri.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ile. Ada peke yake haiendeshi chuo kama kile. Pengo linazibwa na mapato ya mfuko wa wakfu, yaani akiba ya chuo iliyowekezwa, pamoja na michango, na anayekwenda kubisha hodi ni rais mwenyewe. Mimi nilisoma kwa ufadhili. Zile kadi ndizo zilizonisomesha.

Njia ya kufika pale mara nyingi ni ileile: uzamivu, kufundisha, uongozi wa idara, ukuu wa kitivo, kisha mkuu wa taaluma wanayemwita provosti. Mfano ninaoupenda ni Ruth Simmons. Alizaliwa Texas mwaka 1945, kitinda mimba kati ya watoto 12, wazazi wakilima ardhi ya mtu kwa kugawana mavuno. Akachukua uzamivu Harvard katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, akashika nafasi za utawala Princeton na Spelman, na mwaka 1995 akawa rais wa Smith, chuo cha wanawake kilichopo Massachusetts. Pale alianzisha uhandisi, programu ya kwanza ya namna hiyo kwenye chuo cha wanawake Marekani. Kitu kama hicho hakiwezi kutoka kwa amri: walimu lazima wakubali, bodi ipitishe, na fedha zitafutwe mtu mmoja mmoja. Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka 2017 akarudi kutoka kustaafu kwenda kuongoza chuo kikuu cha Prairie View A&M, jimboni kwao.

Sasa upande mchungu. Mwaka wangu wa mwisho wanafunzi wapya walipungua, bodi ikataka idara ya Kijerumani ifungwe. Mama alijua kwamba Kijerumani kikienda, na kingine kitafuata. Alibishana na bodi miezi mingi akashindwa, kisha ilimbidi yeye ndiye asimame mbele ya walimu na kuutangaza uamuzi huo. Wakampigia kura ya kutokuwa na imani naye. Nilikuwa mezani aliporudi kutoka kikao kile. Alitundika koti lake mwenyewe, akaniuliza mtihani wangu wa takwimu ulikwendaje, akasikiliza jibu lote. Kisha akafunga mlango. Sijawahi kuona watu wazima wakimwonea mtu kiasi kile, na mpaka leo inaniuma. Mwaka uliofuata aliondoka.

Hayuko peke yake. Utafiti wa Baraza la Elimu la Marekani uliotoka 2023 ulionyesha marais wa vyuo walikuwa wamekaa kitini wastani wa miaka 5.9 tu, wakati mwaka 2006 wastani ulikuwa 8.5. Na vyuo vidogo vinatikisika kweli. Sweet Briar, Virginia, kilitangaza kufungwa Machi 2015, wanawake waliosoma pale wakachanga fedha na kwenda mahakamani mpaka kikabaki wazi, chini ya rais mpya.

Kwa binamu yako: ajiulize kwanza kama yuko tayari kuliacha darasa, maana kila ngazi inampunguzia vipindi mpaka vinaisha. Kama jibu ni ndiyo, asikimbilie kutuma maombi. Kampuni zinazotafuta marais huangalia mtu amewahi kusimamia nini. Aombe kuingia kamati ya bajeti ya chuo chake, muhula huu huu, ajifunze kusoma hesabu za wakfu kabla hajaanza kuota kiti.