Muziki wa Harusi: Maswali ya Wasomaji

Natamani kuingia kanisani kwa ule wimbo wa maharusi wa Wagner, lakini mwalimu wa kwaya ya parokia yetu amekataa. Je, ana haki? (Bibi harusi mtarajiwa, Tabata)

Anayo, dada yangu, na huenda amekusitiri. Wimbo huo wa Wagner, mtunzi wa Kijerumani, unatoka katika opera yake (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Lohengrin, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1850, na humo huimbwa maharusi wakisindikizwa chumbani, wala si madhabahuni. Tena ndoa yao huvunjika usiku huohuo. Muziki wa Felix Mendelssohn ambao wengi huupenda wakati wa kutoka nao ulitungwa mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, ukaja kuvuma baada ya kupigwa mwaka 1858 katika harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza. Yako makanisa yanayoziruhusu nyimbo hizi, lakini Kanisa Katoliki hutaka muziki wa misa uwe wa ibada, na mwalimu wako anasimamia hilo.

Mwendee mapema, ikiwezekana miezi miwili kabla, mchague pamoja wimbo wa mwanzo, wa matoleo, wa komunyo na wa shukrani. Kuna jambo ambalo kamati nyingi husahau: nauli za wanakwaya na bahasha ya mpiga kinanda ziwemo kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza, kwa kuwa watu hao wameacha shughuli zao za Jumamosi kwa ajili yenu.

Kamati inasema matarumbeta ni kelele na gharama bure, kwa kuwa ukumbini kutakuwa na DJ. Mnasemaje? (Bwana harusi, Kimara)

DJ hawezi kuwatoa watu madukani kuja kutazama. Matarumbeta ni muziki wa nje, wa ngazi za kanisa na wa barabarani: vijana wamekaa ukingoni mwa pikapu, ngoma kubwa iko nyuma kabisa, na foleni ya Barabara ya Morogoro inageuka sherehe hata kwa abiria wa daladala wasiowajua maharusi. Patana nao kuhusu njia, saa na idadi ya wapigaji, na uulize kama pikapu imo kwenye bei. Waambiwe pia wanyamaze wanapopita hospitalini. Wakishafika mlangoni mwa ukumbi, kazi yao imekwisha.

Baba anataka dufu na kasida, shangazi zangu wanataka taarabu. Nimridhishe nani? (Msomaji, Temeke)

Wote, kwa nyakati tofauti. Kasida na dufu ziwe za nikahi, taarabu ibaki kwa akina mama jioni, ambako shangazi zako watapata nafasi ya kuinuka na kutuza.

Tutamjuaje DJ mzuri kabla ya kulipa? (Mweka hazina wa kamati, Mbagala)

Mwende mkamsikilize kwenye shughuli ya watu wengine, kwa kuwa klipu ya simu haionyeshi anafanya nini umeme unapokatika. Nilihudhuria harusi ya mpwa wangu ambapo maharusi walipoinua kisu kukata keki, DJ aliachia wimbo mtamu wa mapenzi ambao ubeti wake wa pili unamlaani mke aliyetoroka. Mama wa bibi harusi alishusha kitambaa chake taratibu, na MC akajifanya hakusikia. Kijana yule alikuwa na vyombo vizuri, ila hakuwa amepewa ratiba wala orodha ya nyimbo.

Basi mpeni vyote viwili kwa maandishi wiki moja kabla, vikitaja wimbo wa kuingia, wa keki, wa zawadi na zile msizozitaka kabisa. Akae kikao kimoja na MC, athibitishe kama jenereta ni lake au la ukumbi, na mlipeni nusu tu mwanzoni.