Nani mwenye onyesho: aliyeshika mapazia au aliyeshika nota?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina kikundi cha sanaa hapa Morogoro, na mpiga kinanda tunaye. Tunataka kuigiza kwa Kiswahili H.M.S. Pinafore, ule mchezo wa kuimba wa Waingereza Gilbert na Sullivan. Mwalimu wangu alitusimulia kwamba zamani watayarishaji wake walipigana. Ni kweli? Na sisi tukiuigiza, tumlipe nani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, tena walipigana onyesho likiendelea na watazamaji wamekaa vitini.

Pinafore ulianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1878 katika ukumbi wa Opera Comique, London. Aliyewaunganisha Gilbert na Sullivan alikuwa Richard D'Oyly Carte, ila pesa zilitoka kwa wakurugenzi wa Comedy Opera Company. Kiangazi kile joto lilikuwa kali, ukumbi ukapwaya, na wakurugenzi wakataka kuufunga mchezo. Baadaye ukapendwa kupita kiasi. Carte naye akawa amekodi ukumbi kwa jina lake mwenyewe, na haki za kampuni zilikuwa zinakwisha 31 Julai 1879.

Usiku huohuo, sehemu ya pili ikiwa jukwaani, wakurugenzi walileta wahuni waje kubeba mandhari na vifaa. Carte hakuwepo, alikuwa safarini Marekani. Waliosimama kuwazuia ni mafundi wa jukwaa na waigizaji wenyewe. Richard Barker, meneja wa jukwaa, aliumizwa. Huku mbele wenzao waliendelea kuimba mpaka mtu alipopiga kelele kwamba kuna moto. Ukumbi ukataharuki. George Grossmith, aliyeigiza Sir Joseph, akatoka mbele ya pazia kuwatuliza watu. Polisi wakafika, na mchezo ukaendelea hadi mwisho.

Mimi nimefanya kazi nyuma ya pazia, nikitunza mavazi na miswada, na nawaheshimu sana mafundi wale. Wakurugenzi walidhani onyesho ni mbao zilizopakwa rangi: ukizipakia kwenye mkokoteni, umelichukua. Walifungua Pinafore yao kwenye ukumbi mwingine keshoyake, ikafa baada ya maonyesho 91. Ya Carte ilifika 571.

Marekani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana sheria ya huko haikumlinda mtunzi wa kigeni. Pinafore iliigizwa Boston tangu Novemba 1878, kisha vikundi vikazagaa kila mji, na watunzi hawakuambulia kitu. Naujua uchungu huo. Kikundi kimoja kiliwahi kuuchukua mchezo wetu mzima, hadi nyimbo, na hata asante hatukupewa.

Carte, Gilbert na Sullivan wakaamua kwenda wenyewe. Mchezo wao uliofuata, The Pirates of Penzance, waliuzindua New York tarehe 31 Desemba 1879. Siku moja kabla, kikundi chao kingine kiliuigiza mara moja tu huko Paignton, Uingereza, ili haki za kwao zisipotee. Nota za okestra zilifungiwa kwenye sefu kila usiku. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Carte, kwani alielewa mali yenyewe iko wapi. Maneno mtu anaweza kuyakariri akiwa kitini, lakini sauti ya kila ala haiibiki kirahisi hivyo.

Mpinzani wake mkubwa huko alikuwa James Duff, aliyekwisha kuonyesha Pinafore New York bila ruhusa. Mwaka 1885 Duff alijiandaa kuuchukua The Mikado, mchezo mwingine wa Gilbert na Sullivan. Carte akanunua mavazi ya Kijapani ili Duff asiyapate, akawapakia waigizaji melini kwa siri, akasafiri kwa jina la uongo. Akafungua tarehe 19 Agosti. Duff alifuata tarehe 24. Carte alikwenda mahakamani akashindwa: nota za kinanda na sauti zilikuwa zimechapishwa na kuuzwa, hivyo jaji akaona Duff yuko huru kuzitungia okestra yake mwenyewe. Kwangu mimi hukumu ile ilikuwa dhuluma, hata kama iliifuata sheria. Marekani ilianza kuwalinda watunzi wa kigeni mwaka 1891.

Sasa kikundi chako. Sullivan alifariki 1900, Gilbert 1911. Kwa Tanzania hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo maneno na muziki wa asili hamdaiwi na mtu. Ila nota atakazopigia mpiga kinanda wenu ziangalie vizuri. Kama kuna mtu aliyezipanga upya miaka ya karibuni, mpango ule ni kazi yake, mwombeni ruhusa. Tafuteni chapa ya zamani. Na atakayewatafsiria maneno kwa Kiswahili, andikianeni mkataba kabla ya mazoezi ya kwanza, na jina lake liwekwe kwenye bango.