Kwa nini Persepolis imebaki nguzo tu?

Ndugu, umeuliza kuta za Persepolis, mji wa kifalme wa Uajemi ya kale (Iran ya leo), zilikwenda wapi, na kama ni watumwa walioijenga. Kuta zilikuwepo, tena nene, ila zilikuwa za matofali ya udongo, na paa la mbao. Aleksanda Mkuu alipoichoma mwaka 330 KK mbao ziliteketea, na udongo ukamong'onyoka kwa mvua za karne na karne. Jiwe likabaki. Ukumbi wa Apadana, ulioanzwa na mfalme Dario wa Kwanza, ulikuwa na nguzo 72 za karibu mita 20. Leo zimesimama 13.

Hilo la watumwa lina utata. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa hapohapo miaka ya 1930 vinaorodhesha posho za vibarua: shayiri, divai, bia. Hata mama aliyetoka kujifungua alikuwa na nyongeza yake!

Ukifika (ni jirani na Shiraz, ndiyo, ile ya Washirazi wetu), usikodolee nguzo tu. Nenda ngazi za mashariki za Apadana, kwenye makundi 23 ya wajumbe yaliyochongwa. Kundi la Wakushi, watu wa Sudan ya kale, lina nywele za kipilipili. Mmoja kabeba pembe ya ndovu na kumvuta mnyama ambaye wataalamu bado wanabishana: twiga au okapi, yule jamaa ya twiga wa misitu ya Kongo?