Simu inazima ikiwa na asilimia 30

Swali: Fundi, simu yangu ina miaka mitatu. Chaji ikifika asilimia 30 inajizima ghafla, hasa nikifungua kamera. Nikichomeka chaja inawaka na kuonyesha 28. Nimeambiwa niichaji kwa saa 12 mfululizo ikiwa imezimwa ili betri ifufuke. Ni kweli? Na nikiamua kuibadilisha, niangalie nini?

Jibu: Betri imechoka, na saa 12 hazitaifufua. Ushauri huo ni wa enzi za betri za nikeli, ambazo kweli zilichajiwa polepole kwa saa nyingi. Betri ya lithiamu ikishajaa, saketi ya simu hukata chaji yenyewe, hivyo muda unaobaki ni wa bure.

Kinachozima simu ni volti kushuka. Ile asilimia ni makisio tu ya programu. Betri inapozeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachozuia umeme kupita ndani yake, huongezeka. Tuseme kwenye asilimia 30 ina volti 3.7 simu ikiwa imetulia. Unafungua kamera yenye flashi, simu inavuta ampea 2. Betri mpya yenye ukinzani wa omu 0.1 itapoteza volti 0.2 na kubaki na 3.5, simu iendelee na kazi. Iliyochoka, yenye omu 0.3, itapoteza 0.6 na kuanguka hadi 3.1. Hapo simu nyingi huzima ili kujilinda. Mzigo ukiondoka volti hupanda tena, ndiyo maana unaiona 28 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye baridi hali huwa mbaya zaidi.

Kabla ya kununua, jaribu jambo moja, mara moja tu: itumie mpaka izime, ichaji mfululizo hadi 100, kisha iache kwenye chaja saa moja zaidi. Hilo hurekebisha hesabu ya asilimia, halitibu betri, na kuimaliza chaji kila mara huizeesha. Kamera ikiizima tena, badilisha. Lakini kama inazima hata ikiwa kwenye chaja nzuri, usikimbilie betri; kagua kitufe cha kuwashia na saketi ya umeme. Usishangae pia mipangilio ikikuonyesha afya ya betri ni asilimia 85. Kipimo hicho ni cha ujazo, yaani kiasi cha chaji ambacho betri bado inaweza kubeba ikilinganishwa na ilipokuwa mpya, na betri inaweza kuwa na ujazo wa kutosha huku ukinzani umepanda.

Katika kununua, fuata namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, maana simu za jina moja zinaweza kuwa na betri tofauti. Angalia volti ya mwisho ya kuchaji. Simu inayochaji hadi 4.4 ukiiwekea betri ya 4.2, utakuwa unaijaza kupita kiasi, na huo ni mlango wa moto. Betri ya umbo lilelile inayojitangaza kuwa na miliampea-saa (mAh, kipimo cha ujazo) mara mbili ya ile ya awali ni ya uongo. Soma na tarehe ya kutengenezwa: lithiamu huzeeka hata ikiwa dukani.

Kazi yenyewe ianze chaji ikiwa chini ya asilimia 25 na simu imezimwa. Pasha mgongo wa simu joto la nyuzi 60 hadi 80, ingiza kadi nyembamba ya plastiki, fungua bila kuzama ndani sana. Weka skrubu kwa mpangilio zilivyotoka. Moja ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Chomoa kwanza plagi ya betri, kwa kijiti cha plastiki, ndipo uguse kingine. Gundi iliyoshika betri ikigoma, dondoshea alkoholi ya isopropili ukingoni, subiri dakika chache, kisha vuta taratibu. Hapa ndipo wengi huharibu: bisibisi ya chuma ikitoboa betri, au betri ikikunjwa, huweza kuwaka mikononi. Kabla ya kubandika gundi mpya, unganisha betri, washa simu na uhakikishe inachaji. Kama simu ilikuwa haiingizi maji, usiitegemee tena kwa hilo.

Ukikuta ya zamani imevimba, hiyo ni gesi iliyotokana na kuoza kwa kemikali za ndani. Usiibonyeze wala kuitoboa, na usiichaji tena. Funika ncha zake kwa utepe, iweke kwenye chombo kisichoshika moto, uipeleke wanakopokea taka za elektroniki.

Betri mpya adui yake mkubwa ni joto. Vua kava ikipata moto wakati wa kuchaji, na usiichaji chini ya mto. Kuichaji kidogo kidogo kati ya 20 na 80 ni bora kuliko kuishusha hadi sifuri, na simu utakayoihifadhi kwa miezi iache kwenye asilimia 50 hivi.