Muulize Bwana Miti: Duara dogo, lawama kubwa

SWALI: Shikamoo Bwana Miti. Mi nachimba dhahabu huku Chunya, duara letu, yani shimo la kuchimbia, ukilipima halifiki hata robo eka lakini kila mkutano wa kijiji tunasemwa sisi tu eti tunamaliza msitu, wakati jirani kafyeka ekari kibao za tumbaku na hakuna anayemgusa. Hii haki kweli?

JIBU: Marahaba. Kwenye tumbaku niko na wewe, kilimo ndo kinaongoza kufyeka misitu nchi hii na tumbaku inakula miti mara mbili, unafyeka shamba af unakata tena kuni za kukaushia kwenye bani. Ila hilo la kulipima duara kwa mdomo wake hapana bana, hebu hesabu matimba. Kila mkishuka mnazuia kuta kwa matimba, na mnachagua miti iliyonyooka, yani ile michanga ambayo ndo ingekuja kuwa msitu, ikioza mnaenda kukata mingine. Nje ya duara kuna kambi, kuna mama ntilie na mkaa wake, kuna njia ya kupitisha mawe kwenda karasha, ile mashine ya kusagia mawe, na njia ikishafunguka mwenye msumeno naye anaingia nayo. Rashi, yani ule mkumbo wa watu kukimbilia dhahabu, ikihamia kwingine nyie mnahama, njia inabaki.

Af kuna hili wengi hawalijui. Miti ya miombo ukiikata ukaacha kisiki na mizizi inachipua yenyewe, zuia moto miaka kadhaa utaona. Mchoma mkaa pamoja na ubaya wake wote mara nyingi anaacha kisiki, ila nyie mnang'oa mpaka mizizi, udongo wa juu ndo mnaufukia kwa kifusi, sa hapo kitachipua nini zaidi ya majani? Siku ya kwanza kabisa kabla hamjaenda chini, chota ule udongo mweusi uweke pembeni peke yake, mkimaliza kifusi kinarudi shimoni kwanza af mweusi unakuja juu. Najua ni hela ya vibarua na mwenye duara atanuna, lakini bila hivyo hata mkileta miche elfu mtapanda kwenye mawe. Na matimba nunueni ya mikaratusi kwa watu waliopanda.

SWALI: Nimepata PML, yani leseni ya mchimbaji mdogo, ila upande mmoja umeingia msitu wa hifadhi. Si naweza kuanza tu, leseni ninayo?

JIBU: Usianze. Leseni imekupa madini, msitu una mwenyewe. Kama ni wa serikali kuu nenda TFS, wakala wa misitu, kama ni wa halmashauri au wa kijiji nenda kwao, na ridhaa iwe ya maandishi, sio mwenyekiti kakuitikia kwa kichwa. Sheria ya Misitu ya 2002 haichezi na hili. Na najua utaniuliza mbona Geita mgodi mkubwa uko ndani ya msitu wa hifadhi, ni kweli uko, ila wale walipita tathmini ya mazingira na wanadaiwa mpango wa kufukia na kurudishia, wewe una sururu na haraka.

SWALI: Niko Tanga mjini. Nasikia Amani kuna dhahabu watu wakafukuzwa, kwani mali ikae tu chini wakati vijana hawana kazi?

JIBU: Ni kweli, miaka ya 2003 na 2004 watu walijaa milima ya Usambara Mashariki, hadi ndani ya hifadhi ya Amani, serikali ikawatoa. Dhahabu yenyewe iko kwenye mchanga wa vijito, manake kuipata lazima upindue kijito na ung'oe miti ya kingo. Sasa wewe wa Tanga mjini, maji ya bomba lako yanatoka mto Zigi ambao unaanzia huko huko Amani, unashuka mpaka bwawa la Mabayani. Weka na zebaki ya kunasia dhahabu, ile ikiingia mtoni haiishii hapo, inaenda kwenye samaki na kwa anayekula samaki, ndo maana kuna mkataba wa Minamata wa 2013, wa mataifa kudhibiti zebaki, na sisi tumeridhia.

Kwa hiyo ndio, ile ya Amani ikae chini. Vijana waende Chunya au Geita, dhahabu ya huko haijaisha, ila wakifika wamuulize huyo wa swali la kwanza udongo mweusi kauweka wapi.